Sura ya Sita: Chupa Ina Mwenyewe

Ukitoka Msamvu, mjini Morogoro, na kushika barabara ya Dodoma, Milima ya Uluguru inabaki nyuma yako na Kihonda inaanza: maghala, viwanda vilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980, chuo cha VETA, nyumba za kupanga zilizobanana nyuma ya fremu za maduka. Jua likizama, viti vya plastiki vinatolewa nje ya grosari. Kwanza vinapangwa barazani. Wateja wakiongezeka vinashuka uani, na ikifika Ijumaa usiku vimeshakalia ule ukanda wa vumbi kati ya baraza na lami, ambao kisheria ni hifadhi ya barabara. Jiko la nyama choma linafuka moshi. Mhudumu anauliza swali la nchi nzima, ya moto au ya baridi, na bia inafunguliwa mbele ya kila apitaye: mama anayetoka sokoni, kijana wa bodaboda, dereva wa lori linaloelekea Kigali au Bujumbura.

Kwa hiyo pombe ya hadharani si jambo ambalo Kihonda inasubiri kuruhusiwa. Ipo, na imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayegeuza shingo. La kushangaza ni jingine. Watu wengi wanakunywa wakiwa wameelekea barabara, lakini ni nadra kumwona mmoja akiinuka na chupa mkononi kwenda kuimalizia mbele ya grosari ya jirani. Hakuna bango linalomkataza wala askari anayemngoja. Kinachomrudisha kitini ni hesabu ya biashara.

Chupa ya bia ni ya kurudisha. Mwenye baa akienda kuchukua mzigo kwa wakala anapeleka kreti na chupa tupu, na zikipungua analipia. Mteja anayetaka kuondoka na bia yake ataambiwa aache hela ya chupa. Mhudumu naye ana sababu ya kuwa macho, kwani katika baa nyingi kilichopotea zamu yake hukatwa kwenye ujira wake, ambao tayari ni mdogo. Ndiyo maana chupa tupu huachwa mezani mpaka mwisho: zinatunza hesabu ya bili, na wakati huohuo zinalindwa. Bila mtu yeyote kukusudia, mfumo wa kreti umekuwa sheria ndogo ya mtaa. Unaifunga pombe kwenye meza, na meza inamfunga mnywaji kwa mtu anayemjua sura.

Nchi nyingine zinabishana kama mtu aruhusiwe kutembea na kinywaji kilichofunguliwa katika mitaa ya starehe, na ubishi huo utafika kwetu kadiri miji inavyotafuta mapato ya usiku. Kabla haujafika, tuangalie kile ambacho historia yetu inaonyesha tayari: pombe ya mtaani hutulia pale chombo chake kina mtu anayekidai, na huleta balaa pale chombo kinapokuwa cha kunywa na kutupa.

Mtungi hausafiri

Pombe ya nafaka ina tabia ambayo kila mpishi anaijua. Chachu yake haisimami. Siku moja ni tamu, ya pili ni kali, na baada ya hapo inaelekea kuwa siki. Anayeipika hawezi kuiweka dukani mpaka mteja ajisikie. Anapanga siku, majirani wanapata habari, mtungi unawekwa mahali pamoja na kata inazunguka. Pombe ya namna hii ina mahali pake na saa yake kabla serikali yoyote haijaipangia.

Huko juu Uluguru, katika matambiko, pombe huanza na wahenga. Humwagwa chini na mwenye mamlaka ya kufanya hivyo katika ukoo, na ukoo wa Waluguru huhesabiwa kwa upande wa mama. Kisha hufuata wazee, na wengine kwa zamu yao. Nisiipambe picha hiyo: ugomvi ulikuwapo, na wake walipigwa usiku wa pombe kama wanavyopigwa leo. Lakini aliyeharibu alikuwa na mjomba wa kuulizwa, na mtungi ulikuwa na mpishi aliyejua nani kazidisha. Hata Chibuku, pombe ya kiwandani iliyoiga ile ya kienyeji, imeshindwa kukwepa tabia hiyo. Inaendelea kuchachuka ndani ya paketi yake, hutikiswa kabla ya kunywewa, na haina maisha marefu.

Ukoloni uliona mtungi kwa macho mengine. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa 1919, iliwekea mipaka pombe kali iliyoingizwa sehemu kubwa ya Afrika, na watawala wakatumia misingi hiyo kumtenga Mwafrika na chupa ya Mzungu. Pombe yake mwenyewe nayo ikawekewa uzio. Huko Durban, sheria ya 1908 iliruhusu mji kuhodhi upishi na uuzaji wa pombe kwa Waafrika, na faida ikagharimia usimamizi wa Waafrika haohao mjini. Wazo hilo lilipanda kaskazini. Nairobi ikawa na kilabu cha manispaa Pumwani katika miaka ya 1920, na Tanganyika ikawa na vilabu vyake vya leseni. Wanywaji walikusanywa pamoja ili wahesabike, watozwe na wasimamiwe.

Hata starehe ya baada ya hapo ilikuwa na kuta. Morogoro ilipopata jina kwa muziki wa dansi, kwa Cuban Marimba ya Salim Abdullah na Morogoro Jazz iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe, watu walicheza ukumbini. Kiingilio kilitolewa mlangoni, bia ilinunuliwa kaunta, na muziki ukiisha mlango ulifungwa. Viti vya plastiki kando ya lami ni mambo ya miji iliyokua haraka kuliko kumbi zake.

Sheria inamtazama muuzaji

Sheria ya Vileo tunayoitumia ni ya mwaka 1968, leo ikiwa Sura ya 77 ya sheria za nchi. Moyo wake ni leseni. Ipo ya kuuza jumla, ipo ya rejareja kwa kunywea papo hapo, ipo ya rejareja kwa kuondoka nayo, ipo ya hoteli, ya mgahawa, ya pombe za kienyeji, na ipo ya muda kwa ajili ya shughuli maalumu. Kila aina ina saa zake. Leseni hudumu miezi sita, Aprili hadi Septemba na Oktoba hadi Machi, hivyo mara mbili kwa mwaka mwenye baa anarudi halmashauri.

Ukiisoma kwa makini utaona inamuuliza muuzaji: umeuza nini, kwa leseni ipi, saa ngapi, kwa mtu wa umri gani. Mnywaji aliyesimama kando ya barabara na chupa yake haimshughulishi sana. Askari akitaka kumkamata huyo atatafuta kosa katika Kanuni ya Adhabu, la kuvunja utulivu au la uzururaji, makosa mapana ambayo yanaweza kumwenea karibu mtu yeyote asiyependeza machoni.

Barabara nayo ina sheria yake. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, kiwango cha mwisho kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na dereva wa gari la biashara hatakiwi kuwa na kilevi kabisa. Chukua meza moja ya Kihonda yenye watu watatu wenye bia sawasawa: mwalimu anayeishi hatua chache kutoka hapo, fundi aliyekuja na gari lake, na dereva wa lori aliyeegesha kando. Wa kwanza hana shida na mtu. Wa pili anapaswa kujipima. Wa tatu amekosea mara tu anaporudi kwenye usukani, na lori lake liko hatua chache kutoka mezani.

Hapo ndipo penye ufa. Leseni ya grosari inahusu eneo lililokaguliwa, lakini biashara ya Ijumaa iko nje ya eneo hilo. Halmashauri inajua, serikali ya mtaa inajua, mgambo anapita hapo kila siku. Kila mtu amekubali bila kuandika popote. Ruhusa ya namna hiyo ina ubaya wake: inaweza kuondolewa jioni yoyote, na anayeweza kuiondoa anaweza pia kuiuza. Mama mwenye grosari ndiye anayelipia utata huo. Hajui kama leo viti vyake ni biashara au ni kosa, na hawezi kukopa fedha ya kujenga banda la heshima kwenye eneo ambalo kesho litafagiliwa.

Kiroba

Ikiwa unatafuta mahali ambapo Tanzania ilijadili kwa dhati pombe ya kubebwa mkononi, usitafute kwenye sheria za baa. Tafuta Machi 2017.

Viroba vilikuwa pakiti za plastiki za pombe kali, nyingi za mililita 50 au 100. Kile kidogo kabisa kilipatikana kwa takriban shilingi 500. Kilivunja kila kifungo tulichokitaja. Hakikuchacha, kwa hiyo hakikuwa na siku. Hakikuwa na chupa ya kurudisha, kwa hiyo hakuna mhudumu aliyekifuata kwa macho. Hakikuhitaji kiti, glasi wala kopo. Kiliuzwa kwenye genge, kwenye kibanda cha vocha, kwenye kikapu cha mchuuzi stendi, na kiliingia mfuko wa sare ya shule bila kuonekana. Kijana wa bodaboda aliweza kukimaliza kati ya abiria mmoja na mwingine, akatupa pakiti kwenye mtaro. Kwa mara ya kwanza pombe ilitembea mtaani bila mwenyewe.

Februari 2017, akiwa Mererani, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba viroba vitakoma, na kuanzia Machi 1 mwaka huo marufuku ikaanza kazi. Njia iliyotumika inafundisha zaidi ya marufuku yenyewe. Kanuni zilitoka Ofisi ya Makamu wa Rais, iliyokuwa na dhamana ya mazingira chini ya Waziri January Makamba, na zilisimama juu ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Serikali haikuanza na ulevi. Ilianza na plastiki, ikaipiga pakiti marufuku, na pombe kali ikatakiwa kufungwa katika ujazo usiopungua mililita 200. Kenya ilikuwa imepita njia inayofanana mwaka 2010, pale sheria yake ya kudhibiti vileo ilipoweka kima cha chini cha mililita 250. Uganda iliachana na pakiti hizo mwaka 2019.

Matokeo yalikuwa ya pande mbili. Pakiti zilitoweka kwenye mitaro, na mwenye shilingi 500 peke yake akakosa cha kununua dukani. Lakini vichupa vya plastiki vya mililita 200 vikaja, na wanaokosa bei nzima wakajifunza kuchangiana. Gongo, pombe kali ya kienyeji iliyopigwa marufuku kisheria, iliendelea kuuzwa kimyakimya katika chupa zilizokwisha kazi ya maji, vyombo ambavyo hakuna anayevidai. Kiroba kilitufunza kwamba kubadili chombo kunabadili tabia haraka kuliko hotuba, na kwamba faida hiyo hukomea pale chombo kingine cha kutupa kinapoanza.

Vikombe vya wenzetu

Marekani ndiko ubishi huu umekomaa. Chicago ilipiga marufuku unywaji wa hadharani mwaka 1953. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Papachristou dhidi ya Jiji la Jacksonville, ilibatilisha sheria ya uzururaji kwa sababu ilikuwa pana mno kiasi cha kumwachia askari uamuzi wa nani akamatwe. Miji iliyozoea kuwaondoa maskini mitaani kwa sheria za namna hiyo ilihitaji zana nyingine, na chupa iliyofunguliwa ikawa sababu nyepesi. Anayekunywa barazani kwake hakuguswa. Asiye na baraza ndiye aliyekamatwa. Msomaji wa Kihonda ataitambua tabia hiyo bila kuelezwa.

New Orleans ilishika njia yake. Kwenye Bourbon Street mtu hutoka baa na kinywaji chake, ila kioo hakiruhusiwi. Baa humhamishia kwenye kikombe cha plastiki. Ohio ilipitisha sheria mwaka 2015 inayoruhusu miji kuchora eneo maalumu la vinywaji vya nje. Mpaka huwekwa kwenye ramani na mabango mtaani, saa hutajwa, kinywaji lazima kitoke kwa mwenye leseni aliye ndani ya eneo, na kikombe hutambulika. Ukivuka mpaka nacho, umekosa. Ukiitazama vizuri, sheria ya Ohio ina makatazo mengi kuliko ukimya wa Kihonda, kwa kuwa kuruhusu kwa maandishi kunamlazimisha mtawala aseme wapi, lini na nani atawajibika.

Karibu na nyumbani kuna Kigali. Mwaka 2021 eneo la Gisimenti, Remera, lilianza kufungwa kwa magari mwisho wa wiki, na baa na migahawa ikaleta meza zake barabarani. Jiji lilianza kwa kuondoa gari, kiti kikafuata. Na Rwanda hiyohiyo, kuanzia Septemba 2023, iliamuru maeneo ya starehe kufungwa saa 7 usiku siku za kazi na saa 8 usiku Ijumaa na Jumamosi. Mkono mmoja ulifungua mtaa, mwingine ukafunga saa.

Kihonda iandike nini

Tuseme Manispaa ya Morogoro inaamua kuacha ukimya na kuandika. Jambo la kwanza si pombe, ni barabara. Njia ya Dodoma inabeba mabasi na malori ya nchi kadhaa. Kiti cha mlevi hakina kazi kando yake. Mtaa wa starehe ungepaswa kuwa ndani, mbali na lami kuu, na kufungwa kwa magari Ijumaa na Jumamosi usiku. Viti vilivyo kwenye hifadhi ya barabara viondoke usiku uleule mtaa mpya unapofunguliwa, ili mama wa grosari asibaki bila pa kwenda hata siku moja.

Jambo la pili ni chombo, na hapa tuna utaalamu kuliko tunavyojisifu. Utaratibu wa kreti unaweza kuhamia kwenye kikombe: unaweka amana unaponunua, unarudishiwa popote ndani ya eneo. Wajerumani hufanya hivyo kwenye masoko yao ya Krismasi na kwenye matamasha. Kikombe chenye amana hakivunjiki kikamchana mtoto mguu asubuhi, na hakilali mtaroni, kwa sababu aliyekiokota ameokota hela. Ila amana hiyo ilindwe na mfumo wote, isirudi kukatwa kwenye ujira wa mhudumu.

Kuhusu mpaka na saa, mfano upo hapa hapa mjini. Kila Agosti maonesho ya Nanenane hukusanya wakulima, wafanyabiashara na umati wa watazamaji kwenye uwanja wenye uzio na mageti. Leseni ya muda iliyo kwenye sheria ya 1968 iliwekwa kwa ajili ya shughuli za aina hiyo. Halmashauri inaweza kuitumia kwa majaribio ya miezi michache kabla ya kuomba sheria mpya kutoka popote.

Wapo watakaokataa, na hoja zao zina uzito. Viongozi wa dini watasema misikiti na makanisa yako katikati ya makazi, na kelele za usiku tayari zimelifanya baraza la mazingira, NEMC, lifunge baa katika miji yetu. Wazazi watasema kinachoonekana kila siku huwa cha kawaida kwa mtoto. Watu wa afya watakumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa SAFER wa mwaka 2018, linazitaka nchi kupunguza upatikanaji wa pombe, wala si kuuongeza. Hoja hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na sioni jibu lake isipokuwa moja: ruhusa iwe badala, isiwe nyongeza. Mtaa mmoja ukifunguliwa, ukanda wa barabara kuu ufungwe. Leseni ikipanua eneo, ipunguze saa. Idadi ya wauzaji isiongezeke kwa sababu tu kuna ramani mpya.

Halafu kuna gharama, ambayo mikutano mingi huiacha mwisho. Vyoo vya wanawake na wanaume. Taa. Maji. Mtu wa kupokea malalamiko ya msichana aliyeshikwa bila ridhaa yake. Bodaboda wasiokunywa kwa ajili ya kuwarudisha waliokunywa. Wafagiaji saa 11 alfajiri. Kukataza ni nafuu, kwani marufuku huhitaji karatasi na mgambo. Kunyamaza ni nafuu zaidi, maana gharama yake humwangukia mhudumu, jirani na mtaro. Kuruhusu kwa mpaka ndiko ghali, na kama leseni na ushuru wa usiku haviwezi kulipia choo na ufagio, basi mapato yanayotajwa hayapo.

Kwa hiyo kipimo cha mpango wowote wa namna hii ni kifupi. Diwani au mkurugenzi atakayeuleta aulizwe mambo mawili kabla ya ramani kufunguliwa mezani: nani anawajibika kwa mtaa huo saa 8 usiku, na fungu lipi linamlipa. Akitoa jina na fungu, majaribio yaanze. Akitoa hotuba, viti virudi barazani na leseni isomwe kama ilivyoandikwa.